Weupe Ndani ya Waya Mwekundu

Kilikuwa kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele, kwenye waya mwekundu wa mita ya kupimia umeme, karibu na mshikio. Marivel alikiona asubuhi alipokuwa akimpangia kaka yake Nilo vifaa mkobani. Akaukunja waya kwa kidole gumba. Weupe ukapanuka.

Mita yenyewe haikuwa na neno. Ilikuwa ya marehemu baba yao, na mafundi wote wa mji wa Estancia waliijua. Iliwahi kuanguka kutoka juu ya nguzo, ikalala siku nzima kwenye maji ya chumvi, bajaji ikaipanda. Ikapanguswa tu, ikapima. Hata siku ile umeme ulipomuua baba kwenye kiwanda cha barafu, mita iliokotwa nzima. Nyaya zake ndizo zilizoungua, hazikubaki hata za kutazama. Watu wakasema mkono wa mzee uliteleza. Nilo akanunua nyaya nyingine za aina ileile, akairithi mita kama mtu anavyorithi jina.

"Inday, mdogo wangu, umelala humo mkobani?" Nilo aliita kutoka nje, pikipiki ikinguruma. "Watu wa barafu wananingoja. Samaki wanaoza, wewe unabembeleza mita!"

Marivel alifungua mdomo. Maneno hayakuja. Ndivyo alivyokuwa tangu shuleni. Mwalimu akimsimamisha asome, sauti ilimkauka, mpaka akaacha kwenda. Kupitia mlango akautazama mkono wa kaka yake kwenye usukani, mpana, wenye vidole vifupi kama vya baba. Akachukua koleo, akaukata waya mwekundu. Kisha mwenzake mweusi.

Nilo aliingia akakuta vipande sakafuni.

"We! Umeingiwa na nini? Bajaji imeshindwa kuiua mita hii, unakuja kuiua wewe?"

Marivel akamwonyesha kipande, kidole kikiwa penye weupe.

"Ndiyo nini hicho? Pamechunika. Tungezungushia utepe, yakaisha."

"Weupe umewekwa ndani makusudi, Manong, kaka yangu," alisema, kwa sauti ndogo hata Nilo akalazimika kuinama. "Ukiuona, waya umekwisha. Baba alinifundisha."

"Baba, baba! Baba aliiamini mita hii kuliko mtu yeyote."

"Aliiamini mita. Nyaya hakuziangalia."

Nje pikipiki ilikohoa, ikazimika yenyewe. Nilo akakaa juu ya kopo la rangi, akakichukua kile kipande mkononi mwake, akakikunja taratibu. Nyuzi za shaba zikachungulia katikati ya weupe.

"Wewe umejuaje kwamba hakuziangalia?" aliuliza.

Miaka miwili Marivel alikuwa amelimeza jibu hilo, kanisani, mezani, hata kaburini kwa baba mishumaa ikiwaka.

"Kwa sababu waya wake nao ulikuwa na weupe, hapahapa. Niliuona nikimfungia mkoba, asubuhi ile. Nikaona haya kusema."