Nusu Saa ya Kungoja Gari Lilale

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Shemeji yangu aliposhuka kwenye gari la marehemu mume wangu mbele ya karakana yangu, akatabasamu na kuuliza, "Hamjambo hapa?" kana kwamba tuliagana jana kwa wema, nilimtazama mikono kwanza. Hakubeba chochote. Hata aibu hakubeba.

Gari lilikuwa linalia. King'ora kilipiga, taa zikawaka na kuzima, na muuza vioo wa jirani akatoka kuangalia. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama mkwe wangu, amejiziba masikio.

"Shemeji, hili litaniua," shemeji alisema nilipokwisha kukinyamazisha king'ora. "Hii ni betri ya tatu. Mafundi wanabadilisha, wiki mbili tu, asubuhi gari haliwaki na alamu inalia yenyewe. Alamu mliifunga nyinyi, wewe na marehemu. Nikasema basi nije kwa mwenyewe."

Miaka mitatu nilikuwa sijaligusa gari lile. Jumanne moja asubuhi mume wangu alibanwa na kifua. Nilimkokota hadi garini, nikazungusha ufunguo, likatoa tik, tik, likanyamaza. Nilikimbia barabarani pekupeku kutafuta usafiri, na dakika arobaini zikapita. Alikata roho tukiwa njiani.

Siku ya tatu baada ya maziko, huyu shemeji alisimama katikati ya sebule, ukoo mzima umekaa, akasema, "Mtu ameoa fundi wa betri, halafu anakufa kwa sababu ya betri. Huyu ni mzembe au ni muuaji, chagueni wenyewe." Wakachagua. Jioni ile ile akaondoka na gari, na mama mkwe akaacha kuniita mwanangu. Ubaya wenyewe ni kwamba nami nilisadiki kuwa betri ile niliiua mimi. Kila nilipolala nilijiuliza kama niliacha taa, kama niliacha mlango wazi, kama ni mkono wangu.

Sitaficha: wazo langu la kwanza lilikuwa kumharibia. Waya mmoja tu ungetosha. Lakini jibu langu lilikuwa ndani ya gari lile, na nililitaka kuliko nilivyotaka kumwona akilala njiani. Nikafungua boneti.

Betri ilikuwa mpya na tayari hoi. Nikaiwekea mita ya umeme, nikaomba awashe, mita ikapanda hadi volti kumi na nne na kitu, maana yake altaneta ilikuwa inachaji vizuri.

"Alamu haina kosa," nilimwambia. "King'ora kina betri yake ndogo. Betri kubwa ikishuka mno, kinadhani mwizi amekata waya. Kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa."

"Nilijua," akasema. Nyumbani kwao wanamwita Bwana Najua, na wanamwita hivyo kwa heshima.

Kazi ya kumtafuta mla umeme inataka subira. Unaunganisha mita kwenye waya wa hasi, unafunga milango, kisha unangoja nusu saa gari lilale, yaani vifaa vyake vyote vizime. Haruhusiwi mtu kufungua mlango wala kushika rimoti. Kwa hiyo tulikaa watatu, mama mkwe kwenye benchi, mimi kwenye kigoda, na Bwana Najua juu ya tairi, akiongea kwa wote.

"Gari hili lilianza kuharibika toka enzi zile," alimwambia muuza vioo. "Uzembe wa mwanzo, mwanangu, hauponi."

Mama mkwe alitazama ndara zake. Mimi nilitazama saa. Nilikaa tu, maana ningeinuka ningemtia spana ya kichwa.

Nusu saa ilipotimia, mita ilisoma ampia sifuri nukta nane sita. Gari lililolala halitakiwi kufika hata sifuri nukta sifuri tano. Nikaanza kung'oa fyuzi moja moja, ya taa, ya redio, ya alamu yenyewe, na namba haikutikisika. Hapo nikajua kuna waya umetoka betrini moja kwa moja bila kupita kwenye fyuzi. Niliufuata kwa vidole hadi chini ya zulia, hadi chini ya kiti cha nyuma, na hapo nikaikuta amplifaya ya muziki. Redio ilikuwa imezimwa, lakini kitu chenyewe kilikuwa cha moto. Waya mwembamba unaotakiwa kuiamsha amplifaya pale tu redio inapowashwa, mtu alikuwa ameufunga kwenye umeme wa muda wote, kwa selotepu ya karatasi. Amplifaya haikulala hata siku moja. Na mimi na mume wangu hatujawahi kufunga waya kwa selotepu.

Nikatoa sauti laini kabisa, ile ya kumsifia mtoto.

"Muziki mzuri huu, shemeji. Nani aliufunga?"

"Mimi mwenyewe," akasema, kifua mbele. "Si ile harusi ya binamu, nilipoazima gari kwa marehemu? Nilimfanyia kama zawadi, hata sikumwambia. Waya mbili zinishinde?"

"Harusi ilikuwa Jumamosi."

"Jumamosi, eeh. Nikamrudishia usiku ule ule."

"Jumapili na Jumatatu marehemu alikuwa na homa, gari halikutoka uani," nikasema. "Gari likisimama bila kuwashwa, kitu hiki kinakausha betri kwa siku mbili. Jumanne asubuhi nikazungusha ufunguo."

Alikuwa bado anatabasamu. Aliyeelewa kwanza ni mama mkwe. Alihesabu kwa vidole, akafika cha nne, akaufumba mkono.

"Shemeji," Bwana Najua akasema kwa sauti ya chini, "ukate tu huo waya, sisi tuondoke."

Nikampa koleo. "Ukate mwenyewe. Uliufunga mwenyewe."

Koleo ilimteleza mara mbili, ya tatu akaukata. Nikafunga mlango, tukangoja tena gari lilale. Kisha nikamwambia asome mita kwa sauti, mama asikie.

"Sifuri nukta sifuri tatu."

"Basi limepona."

"Sikujua, shemeji. Naapa sikujua."

"Najua hukujua. Hata mimi sikujua, na hakuna aliyeniuliza. Kuuliza si ujinga, lakini wewe hujawahi kuuliza kitu. Ijumaa waite wote, mkae sebule ile ile, uwaambie ulivyoniambia mimi."

"Atawaambia," mama mkwe akasema. "Asipowaambia, nitawaambia mimi."

Shemeji aliketi chini, kwenye mafuta, na suruali yake nzuri. Akanitazama kama mtu anayeomba maji.

"Niambie ukweli, fundi wangu. Kama gari lingewaka, ndugu yangu angepona?"

Jibu nilikuwa nalo. Daktari aliniita pembeni siku ile tulipomfikisha hospitali, akaniambia moyo wa mume wangu ulikuwa umekwisha, hata gari la wagonjwa lingekuwa limeegeshwa mlangoni lisingemfaa kitu. Nilijaribu kuyasema sebuleni, wakanifunika kwa kelele. Maneno matano tu yangemwinua mtu huyu pale chini. Nilimtazama mama mkwe, machozi yakimtiririka hadi kwenye kanga, na moyo ukanisukuma niseme. Kisha nikakumbuka usiku wangu wa miaka mitatu.

"Swali hilo mlinijibu nyinyi," nikamwambia. "Mlisema angepona."

Nikachomoa mita yangu, nikafunga boneti, nikamkabidhi ufunguo.