Mchoro Usio na Mishale

Ofisi ya uchoraji ilikuwa ghorofani, juu ya karakana, na ilikuwa na meza nne. Tatu zilikuwa zimelemewa na maboksi. Wenye meza hizo walihamishiwa makao makuu, wanakochora kwa kompyuta na kunywa chai ya bure. Ya nne ilibaki na mtu ambaye karakana nzima ilimwita Rula, kwa kuwa alikonda, alinyooka, na hakupinda ovyo.

Nyumbani nako ukimya ulimtangulia kufika. Mkewe alikwenda kumsaidia binti yao kulea mtoto, mwezi mmoja tu, akanogewa na ubibi. Sasa mtoto anakimbia na bibi hajarudi. Jumapili Rula hupiga simu, mjukuu hupewa aongee na babu, naye hubonyeza kitufe cha kukata. Mazungumzo ya wiki yamekwisha hapo.

Kazi yake ilikuwa kupasua vitu bila msumeno. Anachukua pampu, anaipasua kwa penseli kama papai, anachora tumbo lake: chuma kilipokatwa anapiga mistari ya mshazari, palipo wazi anaacha peupe. Kisha kwenye mchoro wa nje anapitisha mstari kuonyesha kisu kilipopita, na kwenye ncha zake anaweka mishale miwili ya kumwambia msomaji: simama hapa, tazama kule. Bila mishale hiyo hujui umeshika nusu ipi ya papai.

Michoro yake ilikuwa safi mno, na usafi ndio uliomponza. Mhudumu alishusha karatasi chini, vyuma vikatoka, na hakuna aliyekuwa na swali la kumpandisha ngazi.

Siku moja akasahau mishale. Chai haijapoa, seremala wa karakana, yule anayechonga umbo la mbao ambalo chuma humiminwa kwa mfano wake, akatokea mlangoni akihema.

"We Rula, hapa natazama kulia au kushoto? Au nikutafutie miwani?"

"Kushoto. Miwani mpe mkeo, aone alichoolewa nacho."

Seremala akacheka, akakaa juu ya boksi, akasimulia ugomvi wake na jirani juu ya jogoo anayewika watu wakila mchana. Rula aliishi na jogoo yule wiki nzima.

Mchoro uliofuata hakusahau. Aliiacha mishale kwa makusudi. Na uliofuata huo pia. Akajiambia ni utani tu, nani amewahi kufa kwa utani? Seremala akapanda, akauliza, akajibiwa kushoto, akakaa.

Hata ikaja pampu ya kiwanda cha maji. Ndani ya gamba lake kulikuwa na sikio la kushikilia bomba, upande mmoja tu. Kwa nje pande zote zilifanana kama mapacha. Rula akaipasua, akatazama kulia, akalichora sikio vizuri, akaacha mishale, akachemsha chai ya watu wawili. Chai ikapoa. Seremala hakuja.

Siku chache baadaye aliyeitwa ni yeye. Chini, gamba jipya lilikuwa juu ya meza, zito, na sikio upande usio wake. Msimamizi, mama asiyepandisha sauti kwa sababu hakuhitaji, alikuwa amemkabili seremala.

"Kwa nini hukuuliza, fundi?"

"Goti, mama. Limevimba, na ngazi zile zinanimaliza. Nikasema huyu nimemzoea, kila siku anatazama kushoto."

"Kwa hiyo umekisia."

"Nimekisia."

"Basi Jumatatu nenda upande wa rangi. Huko hakuna cha kukisia."

Seremala akaiangalia randa yake kama mtu anayeangalia mtoto aliyelala.

"Kosa si lake," Rula akasema. "Mishale sikuiweka mimi."

"Ulisahau?"

Mlango huo ulikuwa wazi, angeweza kupita. Kusahau hakumfungi mtu, na rafiki angebaki rafiki. Lakini seremala alikuwa anamtazama, uzito wote kwenye mguu mzima.

"Sikusahau. Niliiacha ili apande aniulize."

Mtu mmoja kwenye mashine akacheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha.

"Safari zote zile?" seremala akauliza. "Na goti hili?"

"Goti sikulijua."

"Ungeniita tu, bwana."

"Ningekuita nikuambie nini?"

Msimamizi alimwacha seremala kwenye benchi lake. Rula akapewa onyo, na tangu hapo michoro yake hupita kwanza mezani kwa mama yule.

Mishale ikawa minene kama mikuki. Ngazi zikanyamaza. Getini akimsalimu seremala, hupata "salama" kavu, ya kumpa mtu usiyemjua.

Baada ya wiki kadhaa mchoro mwingine ukatoka kwa msimamizi. Rula hakumpa mhudumu. Akaushusha mwenyewe, akauweka kwenye benchi la seremala, akasimama.

Seremala akaukagua bila haraka.

"Huu hauna swali."

"Najua."

"Sasa umefuata nini?"

Rula akatafuta jibu, akakuta lipo moja tu.

"Nimekuja kukaa."

Seremala akaendelea kupiga randa mpaka ubao ukaisha. Hakutabasamu.

"Kaa basi," akasema. "Ila gundi usiiguse, haijashika."