Kikombe cha Shaba Kilichokaa Upande

Mume wangu Wendell ni mchafu wa kazi. Namsema mbele ya watu wala sijali.

Jioni ile alikuwa ameketi mezani kwangu, anatafuna tumbaku na kutema kwenye kikombe changu cha kahawa. Ptuu! Mbele yake kulikuwa na risasi alizomimina baba yangu, Orrin, kwa kalibu yake mwenyewe. Kwetu hapa Idaho mtu hamwindi elki, yule paa mkubwa kama ng'ombe, kwa risasi ya dukani kama ana kalibu nyumbani. Ila Baba vidole vimekakamaa siku hizi. Vile vikombe vya shaba, vidogo kama kifungo cha shati, vinavyovishwa risasi kitakoni ili moto wa baruti usiiharibu, vinamponyoka. Ndipo akamwomba mkwewe azivishe.

"Kisukume kwanza kikae sawasawa mpaka mwisho," nikamwambia Wendell, "ndipo upitishe kwenye mashine ya kubania. Mashine hainyooshi, inabana tu. Kikikaa upande, kinabanwa hivyohivyo."

"Rhoda, mama, hiyo si kofia tu? Hata mimi yangu navaa upande."

"Risasi itakwenda kombo, we mwanaume!"

"Basi elki atasogea aifuate." Akacheka mpaka tumbaku ikamchuruzika kidevuni.

Nikatoka kwenda kulisha farasi. Niliporudi zote zilikuwa zimeshabanwa, zimetiwa kwenye maganda ya baruti, na yeye anakoroma.

Sasa, Baba alikuwa ametamka mwenyewe: "Mwaka huu nikikosa, nitajua macho yamekwisha. Bunduki yangu atachukua Wendell." Na ile bunduki Wendell anaimezea mate tangu siku ya harusi yetu.

Asubuhi tukaenda porini sote watatu, Baba akailaza juu ya gogo. Elki jike alisimama ubavu wazi, karibu kabisa, hata mimi nisingemkosa. Baba akafyatua. Yule mnyama akajikunja, akakimbia, tumbo linavuja. Tulifuata damu kwenye theluji mpaka adhuhuri, tukamkuta amelala vichakani yu hai, anatutazama. Wendell akammaliza kwa kisu.

Tulipompasua, Mungu wangu, harufu! Utumbo umechanika, majani mabichi yamechanganyika na damu, yametapakaa kwenye nyama ambayo tungekula majira yote ya baridi.

Baba aliketi kwenye kisiki, hakusogea hata kuangalia. "Nililenga moyo. Ni macho," akasema. "Chukua, Wendell."

Na Wendell akapokea! Akaitia begani papo hapo. "Usijali, Mzee. Uzee ni uzee."

Kwetu risasi inayotolewa ndani ya mnyama hupewa aliyefyatua. Baba anazo tele, kwenye chupa juu ya jiko, tangu ujana wake.

"Risasi ya Baba iko wapi?" nikauliza.

"Imepita, imetokea upande wa pili," Wendell akajibu haraka mno.

Nikamgeuza yule elki. Ngozi ya upande wa pili ilikuwa nzima, haina hata tundu la sindano. Nikakunja mikono ya koti, nikaizamisha kwenye yale matumbo mpaka viwikoni.

"Acha bwana, unatia kinyaa!"

"Kinyaa ni wewe."

Nilipapasa kwenye ule uchafu wa moto, natapika pembeni, narudi tena, mpaka nikaipata. Nikaisugua kwa theluji. Kikombe cha shaba kilikuwa kimekaa upande, ukingo mmoja umezama kwenye risasi, mwingine umechomoza kama jino linalotaka kung'oka.

Nikaiweka kiganjani kwa Baba. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka kitako, taratibu, kisha akarudia.

"Hii umeibana wewe, Wendell?"

"Mzee, zilikuwa nyingi, mtu huwezi..."

"Nimekuuliza kitu kimoja tu."

Wendell akatema tumbaku kwenye theluji na kuangalia viatu vyake. Baba akainuka, akamvua bunduki begani bila hata kumtazama. Halafu akanigeukia.

"Rhoda. Ule msonobari mkavu kule juu kabisa ya kilima. Kuna ndege ametua, au nadanganywa na macho?"

Nikakaza macho mpaka nikamwona.

"Yupo, Baba. Kunguru."

"Kumbe naona," akasema, akaketi tena kwenye kisiki na kulia kama mtoto.