Walinzi Waliopishana

Shangazi yake alimwita Mbishi tangu hajaota meno, na maabara nzima ikalidaka jina hilo. Juma lile ubishi ulikaribia kumtokea puani.

Kazi yake ilikuwa kuifanya kompyuta ya kwanta ijisahihishe. Kyubiti, vipande vidogo vinavyobeba taarifa ndani yake, ni dhaifu mno: zikipata joto kidogo tu, zinakosea. Kwa hiyo taarifa moja hubebwa na kyubiti nyingi, na katikati yao huwekwa nyingine za ulinzi, zipige kelele jirani anapokosea. Programu ya Mbishi ilisikiliza kelele hizo na kumtaja mkosaji. Kyubiti zikiongezeka, makosa yanatakiwa kupungua. Lakini alipotoka kumi na saba kwenda arobaini na tisa, makosa yalizidi.

“Turudi kwenye kumi na saba,” mkuu wa maabara alisema. “Tumehangaika vya kutosha.”

“Nipe mpaka Ijumaa, mkuu. Nikishindwa, nitaufunga mradi kwa mkono wangu.”

Akachapa kumbukumbu zote za kelele, akazibandika ukutani, korido nzima. Watu wakawa wanapita ubavu ubavu. Alhamisi asubuhi macho yakamganda kwenye walinzi wawili wa pembeni. Akaikosesha makusudi kyubiti moja ya kushoto. Akalia mlinzi wa kulia!

Mbio mpaka kwa fundi wa nyaya. “Mzee wangu, nyaya za walinzi hawa wawili umezipishanisha?” akafoka.

Fundi akatoa orodha ya nyaya. “Mwanangu, mimi nimeunganisha kama ilivyoandikwa. Mwandiko wa nani huu?”

Ulikuwa wake. Uso ukamwaka moto. Angeweza kubadili namba mbili kwenye programu, kimya kimya, na asijue mtu. Akaichukua orodha, akaiweka mezani kwa mkuu.

“Kosa ni langu. Miezi minne tumeilaumu mitambo bure.”

“Na yule fundi uliyemfokea?”

“Nimeshamwomba radhi.”

Namba zikarekebishwa, jaribio likarudiwa. Kufika saa tisa mchana, kyubiti arobaini na tisa zilikosea kidogo kuliko kumi na saba. Tofauti ilikuwa ndogo kama ukucha.

“Ndiyo hii tu?” mkuu akauliza.

“Ndiyo hii. Ila sasa makosa yanashuka, hayapandi. Naomba kyubiti tisini na saba.”

Mkuu akashika kichwa, kisha akatia saini. Mbishi akavuta kiti kando ya fundi, wakaanza kuisoma orodha mpya kwa sauti, waya mmoja mmoja.