Mstari Chini ya Neno "Acha"

Kwa Étienne, neno bila mstari wa shairi lilikuwa kama bugali bila mboga ya sombe: linamezeka, lakini kwa shida. Ndiyo maana kamusi yake ya Kiswahili cha Bunia ilichukua miaka. Kila neno lilikuwa na kikaratasi chake, fiche: neno juu, maana katikati, mstari chini. Mistari mingi alipewa na rafiki yake Laurent, mwalimu wa shule ya msingi, aliyetunga mashairi hata akiwa kwenye foleni ya maji. Neno likikosa mstari, Étienne alijitungia mwenyewe.

Basi, alikuwa na sheria zake, na kwa sheria bwana huyo ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Majina ya watu kwenye mistari aliyatoa, akaweka "mutu". Jina la mtunzi hakuliandika. Kila fiche aliinakili upya kwa mwandiko wake safi, na karatasi za zamani akawashia makala, mkaa wa jikoni. Nani angewaza kwamba siku moja zitatakiwa?

Zilitakiwa. Laurent aliuawa kwenye barabara ya Komanda. Pikipiki yake iliteketezwa, na begi lenye mashairi yake yote likateketea nayo. Siku ya kumaliza matanga ilipokaribia, mjane wake Régine akaja ofisini kwa Étienne, kitambaa cheusi kichwani.

"Papa Étienne, kwangu hakuna hata neno lake moja. Watu watakuja, nitawasomea nini? Unipe mistari yake."

"Pole, mama. Yote iko humu." Étienne akavuta masanduku, na hapo ndipo jasho lilipomtoka. Mistari ya Laurent na yake ilikuwa imechanganyika, mwandiko mmoja, mutu kila mahali. Mingi hakuweza tena kuitenga. Jamani, unadhifu nao huua! Maji yakimwagika hayazoleki.

Régine alisoma polepole, midomo ikicheza. Mingine aliitambua papo hapo. Ule wa matope ya Mongbwalu ulimchekesha, maana Laurent aliwahi kuachia huko kiatu kimoja. Kisha akafika kwenye neno acha. Chini yake iliandikwa: Acha taa iwake, mutu wako iko njiani.

Akaweka kiganja juu ya kikaratasi kile, na machozi yakamwagika.

"Hii ni yake," akasema. "Si ni yake?"

Étienne aliujua mstari huo. Aliutunga mwenyewe asubuhi moja akiwa na njaa, ili tu amalize herufi A. Angemwambia nini mwanamke yule, na machozi yale?

"Ni yake, mama."

Siku ya kumaliza matanga, Régine aliusoma mwisho kabisa. Mama mkwe wake akaupokea kwa wimbo, akina mama wakaitikia, acha taa iwake, acha taa iwake, mpaka wanaume wakainamisha vichwa. Étienne alikaa kwenye kiti cha plastiki, chakula kikimpoa magotini, aibu ikimla. Alikuwa amemwibia maiti kilio chake.

Watu walipotawanyika, alimfuata Régine nyuma ya nyumba, alikokuwa akiosha sahani.

"Mama, ule mstari wa taa..."

"Najua si yake." Régine hakuinua macho. "Laurent alikuwa mubahili wa petroli ya taa, weye hujui? Kila akitoka kabla ya mapambazuko, mlangoni: 'Zima taa, Régine, petroli si maji ya mto Shari.' Siku ile ya Komanda pia alisema hivyo. Nikazima."

"Sasa kwa nini uliusoma?"

"Nilitaka mutu aniambie niiache iwake." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Papa Étienne, chini ya neno 'zima' uliweka nini? Nilitafuta, sikuona kitu chake."

Étienne alikumbuka. Laurent alimletea maneno yale yale, yameandikwa kwa mkono wake, jina la Régine likiwa ndani. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Étienne akasema huo ni ugomvi wa nyumbani, si shairi, na karatasi ile akawashia makala.

"Niliweka: Mutu amezima moto," akajibu.

"Mutu," Régine akasema, akachukua sahani nyingine.