Namba Thelathini na Sita

Mke wangu Mashavu alishasema: dadu ni haramu, haziingii nyumbani kwake. Basi mimi na kaka yake, Aboud, tukaandika namba moja hadi thelathini na sita kwenye vikaratasi, tukavitia ndani ya kofia yangu. Kwa vikaratasi hivyo na kadi za wachezaji, zinazoonyesha kila namba inaleta pigo gani, tuliurudia mezani, hapa Pearland, kando ya Houston, msimu mzima wa besiboli wa 1986. Mimi timu ya Houston, yeye New York, waliotutoa mwaka ule.

Mechi ya mwisho nilimzidi pointi moja. Alibaki na mpigaji mmoja, na mkimbiaji njiani. Cha kumwokoa kilikuwa thelathini na sita tu: mpira unapigwa hadi nje ya uwanja, mpigaji na mkimbiaji wote wanapata pointi.

Namba hiyo haikuwemo kofiani. Wiki nzima ilikuwa mfukoni mwa suruali yangu. Safari hii Houston ishinde, potelea mbali!

"Chukua basi, unaogopa nini?" nilimfokea.

Aboud alifumba macho, akatoa kikaratasi. Thelathini na sita.

"Uongo!" Nilipiga meza. Kisha nikautambua mwandiko: si wangu, si wa Aboud.

Mashavu alikuwa kochini anakunja nguo. Hakuinua hata macho.

"Dadu nilikukataza. Wizi nilikuruhusu? Suruali zako nafua mimi."