Zahanati Yapakwa Rangi

Mkunga alipofika kazini asubuhi alikuta zahanati inanuka rangi, akajua shemeji yake ameshafanya upuuzi. Shemeji huyo, kaka wa mumewe, ndiye mwenyekiti wa mtaa, mtu aliyejipachika mwenyewe jina la Mheshimiwa na hageuki ukimwita vingine. Aliposikia kuna wageni wanakuja kukagua barabara, shule na zahanati zinazofikiwa na mafuriko, hakuwaza mafuriko. Aliwaza wageni. Akakusanya watu, wakamwaga kifusi barabarani mpaka mitaro iliyochimbwa na maji isionekane, kisha wakapaka kuta za zahanati rangi ya maziwa. Lile doa la tope lililozunguka chumba cha uzazi tangu masika, ambalo ndilo wageni walilolifuata, likafunikwa vizuri kabisa.

"Wageni hawapokelewi na uchafu," alisema Mheshimiwa, mikono nyuma, tumbo mbele.

"Shemeji, ule uchafu ndio uliokuwa ushahidi wetu."

"Wewe zalisha. Utawala niachie mimi."

Mkunga alimeza hasira yake. Masika yale alimzalisha mwanamke juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine, huku viti vinaelea chumbani. Zahanati isipoandikwa miongoni mwa majengo ya kuhamishiwa mlimani, safari ijayo angemzika mtu, na alilijua hilo.

Kati ya wageni hao, zahanati ilikaguliwa na mtaalamu wa mafuriko aliyekuja na buti mpya na kofia ngumu, ingawa humo hamkuwa na kitu cha kumwangukia. Alizunguka ukutani akitafuta alama ya maji, akaikosa.

"Maji yanafika kiunoni humu," mkunga akamwambia.

Mtaalamu alimtabasamia kama anayembembeleza mtoto. "Mama, wafanyakazi wa zahanati kila mahali husema hivyo, ili wajengewe jengo jipya. Sisi tunafuata alama ukutani, au kauli ya kiongozi wa mtaa."

Elimu yote ile, na haikumtosha kunusa rangi mbichi.

"Mheshimiwa," mtaalamu akamgeukia mwenyekiti, "maji huingia humu?"

Kuitwa hivyo na msomi mwenye kofia kulimlevya. Alivishwa kilemba cha ukoka, naye akainua shingo kisije kikamdondoka. "Katika mtaa wangu? Labda umande."

"Safi sana. Basi hapa pakavu ndipo watu watakapokimbilia mafuriko yakija. Wagonjwa, wazee, wajawazito, wote waletwe hapa."

Mheshimiwa akapiga makofi.

Mkunga aliwatazama wote wawili, dharau ikampanda mpaka ikamtuliza. Hakuwa na haja ya kubishana tena na watu wa namna ile.

"Vizuri," alisema. "Shemeji, mvua ikianza tutamleta mama kwanza. Tutamlaza kitanda kile cha dirishani."

Mama huyo, mkwe wake, alikuwa amepooza na aliishi kwa Mheshimiwa. Na mtu yule, pamoja na ujinga wake wote, alimpenda mama yake. Alimlisha kwa mkono wake mwenyewe kila jioni. Alikitazama kitanda, kisha sakafu.

"Mama atabaki nyumbani."

"Kwa nini, na hapa ni pakavu?"

"Ndiyo, kwa nini?" akauliza mtaalamu, kalamu imesimama.

Mheshimiwa alijifuta jasho. Hakuna aliyemsaidia.

"Mficha uchi hazai, shemeji," mkunga akasema taratibu.

"Atakufa maji humu," alisema Mheshimiwa hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo mtaa haukuwahi kuisikia. "Yanafika hapa." Akaweka kiganja juu kidogo ya mkanda wa suruali.

Ukuta haukuwa na alama, kwa hiyo ilibidi apimwe kiongozi. Mtaalamu alipiga magoti miguuni pake, akavuta utepe kutoka sakafuni. Hata hapo Mheshimiwa alikunja magoti kidogo, kiganja kikashuka, asiuaibishe mtaa wake kupita kiasi.

Mkunga alimshika bega.

"Simama wima, shemeji. Usitupunguzie maji."